Kuhisi naye, kumwelewa au kumjali: ipi ikufae unapobeba mzigo wa mwenzio?

Kiswahili kina neno moja, huruma, nalo limebebeshwa kazi nyingi mno. Muuguzi anayelengwalengwa na machozi wodini ana huruma. Mweka hazina wa chama anayejua, kabla hajaambiwa, ni mwanachama yupi atakwama na karo ya Januari, ana huruma. Jirani anayechota maji mitungi miwili, akaiacha mlangoni kwa mfiwa na kwenda zake, naye ana huruma. Saikolojia inawatenganisha hawa watatu. Wa kwanza anahisi pamoja na mwenzake, wa pili anamwelewa, wa tatu anamjali. Mtu anaweza kuwa na moja akaikosa nyingine, kila moja ina uchovu wake, na kila moja huharibika mahali pake.

Ulinganisho huu ni wa wale ambao shida za wengine ni kazi yao ya kila siku, kwa mshahara au bila mshahara: mhudumu wa afya ya jamii mwenye nyumba zipatazo 100 mtaani Nyalenda au Manyatta, Kisumu, mwalimu wa darasa Kakamega, binti anayemuuguza baba yake kijijini Siaya, viongozi wa chama cha kuchangiana Nakuru. Wengi wao wameshaambiwa "jifunze kutohisi sana" na pia "uwe na utu", na ushauri huo wa pande mbili umewaacha njia panda.

Tutaiuliza kila njia maswali manne. Mwenye shida anapata nini? Wewe inakugharimu nini? Inakosea wapi? Inajengwa vipi? Swali la tatu ndilo litakalochukua nafasi kubwa, maana ndipo watu wazuri wanapofanya makosa huku dhamiri zao zimetulia.

Kuhisi naye

Mwaka 2004 Tania Singer na wenzake jijini London waliwaweka wanawake 16 ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wapenzi wao wakiwa kando. Mara mkono wa mwanamke ulipigwa na umeme kidogo, mara wa mpenzi wake. Sehemu mbili za ubongo, insula ya mbele na singuleti ya mbele, ziliamka katika hali zote mbili. Lakini zile sehemu zinazotambua maumivu yako wapi mwilini na ni makali kiasi gani ziliamka mwanamke alipoumizwa mwenyewe tu. Yaani tunachoshirikiana na mwenzetu ni ubaya wa maumivu. Maumivu yenyewe yanabaki kwa mwenyewe. Siku hizi tunahimizwa kuvaa viatu vya mwenzetu, msemo uliotoka ng'ambo. Wa kwetu ni mkali zaidi na uko karibu zaidi na picha zile: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Anachopata mwenye shida ni kujua kwamba hayuko peke yake, na hakuna njia nyingine inayompa hilo upesi hivyo. Kwenye matanga Kisumu, anayeingia, akashika mkono, akasema "mos", yaani pole kwa Dholuo, na kunyamaza, ameshafanya kazi ambayo hotuba ya nusu saa haiifanyi. Nguvu ya kuhisi iko katika dakika na saa za mwanzo.

Gharama yake huja baadaye. Olga Klimecki na Singer waliwafundisha watu kuhisi mateso ya wanaowaona kwenye video, na hisia mbaya za wanafunzi hao zikapanda. Kile ambacho tangu miaka ya 1990 kimeitwa uchovu wa huruma, watafiti hawa wanaona kingeitwa kwa haki uchovu wa kuhisi. Dalili zake si za ajabu: unapita haraka kitanda fulani wodini, simu ya ndugu mgonjwa ikiita unaigeuza kifudifudi, watoto wa nyumbani wanakemewa kwa kosa la kumwaga chai, unamwota mgonjwa. Daniel Batson, aliyechunguza suala hili kwa miongo kadhaa Marekani, alionyesha kwamba mtu anayetaabika kwa kuona taabu ya mwingine hutafuta kwanza nafuu yake mwenyewe. Mlango ukiwa wazi, huondoka. Kwa hiyo anayekosa kuja hospitali kumwona mama huenda akawa ndiye aliyeumia zaidi. Ndugu wengine hulisahau hili wanapomsema.

Inakosea wapi? Pahali patatu. Kwanza, inapenda mmoja kuliko wengi. Mwaka 2007 Small, Loewenstein na Slovic walichapisha jaribio la watu waliopewa dola 5 na ombi la mchango. Walioonyeshwa msichana mmoja wa Mali, Rokia, walitoa kwa wastani dola 2.38. Waliopewa takwimu za njaa walitoa 1.14. Walioonyeshwa Rokia pamoja na takwimu walitoa 1.43: hesabu ilipoingia, moyo ulipungua. Ndiyo sababu picha ya bibi mmoja amesimama majini Nyando hukusanya pesa nyingi kwenye simu kuliko habari ya kata nzima iliyofurika.

Pili, inapenda wa kwetu. Grit Hein na wenzake, mwaka 2010, waliwachukua mashabiki wa soka Uswisi wakawaonyesha shabiki mwenzao akiumizwa, kisha shabiki wa timu pinzani. Insula iliitikia zaidi kwa mwenzao, na kadiri ilivyoitikia ndivyo walivyokuwa tayari kumpunguzia maumivu kwa kuyabeba wenyewe. Aliyekaa jukwaani Gor Mahia ikicheza na AFC Leopards hahitaji mashine kuelezwa hilo. Lakini nje ya uwanja mambo huwa mazito. Nakuru na Kisumu za Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, hazikukosa watu wenye kuhisi. Uchungu wa walioumizwa upande mmoja ulihisiwa sana, na ukawa kuni za hasira dhidi ya upande wa pili.

Tatu, inapindua foleni. Chukua chama cha watu 30 mtaani Free Area, Nakuru, kila mmoja akitoa shilingi 200 kwa mwezi. Baada ya miezi mitatu kapu lina 18,000. Yameletwa maombi mawili. Mwanachama mmoja amesimama mkutanoni, analia, anaomba 15,000 za bili ya hospitali ya mama yake. Mwingine yuko Molo, ametuma ujumbe mfupi: anaomba 12,000 za amana, mwanawe apasuliwe mguu Alhamisi. Wa kwanza anapewa zote 15,000, wa pili 3,000, na kila mtu anarudi nyumbani akijisikia vizuri. Hakuna aliyeuliza swali ambalo lingebadilisha hesabu: mama yule ameshatoka hospitali na bili yake inalipwa kidogo kidogo, ilhali upasuaji wa Alhamisi hausubiri. Batson alilipima jambo hilihili mwaka 1995 kwa kisa cha msichana wa miaka kumi aliye kwenye orodha ya kungojea msaada. Walioambiwa wasome habari zake bila kuzama katika hisia, theluthi moja hivi walimpandisha mbele ya watoto waliomtangulia. Walioambiwa wawaze anavyohisi, karibu robo tatu walimpandisha. Wale waliorukwa hawakuwa na sura.

Kuijenga? Watu wengi wa kazi hizi wanayo tayari. Wanachohitaji ni kuipima kama chumvi. Badilisha swali la moyoni: acha "ningekuwa mimi ingekuwaje?", shika "yeye anaionaje?" Batson alionyesha mwaka 1997 kwamba la kwanza huleta huruma pamoja na taabu yako mwenyewe, la pili huleta huruma bila taabu kubwa. Ukilemewa ukiwa kando ya kitanda, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, vuta pumzi ukihesabu nne, itoe ukihesabu sita, mara tano au sita. Pumzi ya kutoka ndiyo inayopunguza mbio za moyo. Na kaa muda mfupi mara nyingi badala ya muda mrefu mara moja.

Kumwelewa

Hapa unatumia akili: anajua nini, anaogopa nini, anataka nini. Unaweza kumwelewa mtu vizuri bila moyo wako kupanda wala kushuka, na katika kazi nyingine hilo ni baraka.

Mwenye shida anapata msaada unaomfaa. Tazama mfano huu kwa karibu. Saa tatu usiku, Nyalenda. Mtoto wa miaka sita mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, mifupa ya miguu imemuuma tangu jioni. Dawa ya maumivu waliyoelekezwa kliniki ameshapewa, maji anakunywa, lakini hatulii. Mhudumu wa afya ya jamii anaingia akiwa na jibu mfukoni: hapa hakuna nauli. Akifuata jibu lake atatoa shilingi mia mbili za boda na kwenda zake. Akiuliza, anasikia mengine.

"Mama Baraka, pole. Kwa sasa hasa, ni nini kinakulemea zaidi?"

"Nauli iko, daktari. Hawa wawili wadogo nitawaachia nani? Na safari ile ingine niligombezwa pale dirishani, eti kwa nini nakuja usiku."

Msaada unaotakiwa ni jirani wa kulala na watoto wawili na barua fupi ya rufaa ya kumkinga na dirisha lile. Mia mbili isingegusa hata moja. (Kuelewa kuna mpaka wake pia: mtoto wa selimundu akiwa na homa ya 38.5 au zaidi, akihema kwa shida, akipauka ghafla, tumbo likivimba upande wa kushoto, au mkono na mguu wa upande mmoja ukilegea, acha maswali. Ni hospitali mara moja.)

Gharama kwako ni ndogo kihisia na kubwa kwa muda na umakini. Ukiwa na njaa, usingizi au haraka, ndiyo ya kwanza kukutoroka, na hapo unarudi kubahatisha bila kujua kwamba unabahatisha.

Kosa lake la kwanza ni hilohilo la kubahatisha. Eyal, Steffel na Epley walichapisha majaribio 25 mwaka 2018, na matokeo yake yanauma: kujiweka mahali pa mwingine kwa mawazo hakukuwafanya watu wamjue kwa usahihi zaidi. Kumuuliza kulisaidia. Tofauti ni kati ya kukisia na kuuliza, na wenye kujivunia kwamba "wanasoma watu" ndio wanaostahili kuihofia.

La pili limo ndani ya methali yetu wenyewe. Ikiwa asiyekilalia kitanda hajui kunguni, je, aliyekilalia anajua? Ruttan, McDonnell na Nordgren walionyesha mwaka 2015 kwamba aliyepitia shida na kuivuka huweza kuwa mkali kuliko asiyeipitia, pale anapomtazama mtu aliyeshindwa kuvumilia. Anakumbuka kwamba alivuka; amesahau jinsi maji yalivyomfika shingoni. Mama aliyelea mapacha peke yake na sasa anamwambia binti "mbona sisi tuliweza?" hasemi uongo. Kwa hiyo usimpe mtu kazi ya kumfariji mwingine kwa sababu tu walipata msiba mmoja. Mwulize kwanza: "Kipindi kile kilikuwa kigumu kwako wapi hasa?" Akijibu "aa, kilipita tu", mpe kazi nyingine.

La tatu: kuelewa hakuna upande. Yule anayekutumia ujumbe kwamba pesa zimekuja kwako kwa makosa, "tafadhali rudisha, ni za mgonjwa", amekuelewa vizuri sana. Anajua utaogopa kuonekana mwizi, anajua neno mgonjwa litakuharakisha usiangalie salio. Uwezo wa kuusoma moyo wa mtu unaweza kuwa mzima kabisa kwa mtu ambaye uchungu wa wengine haumgusi.

Kujenga ni rahisi kueleza. Maswali matatu, kwa utaratibu huu: Kinakulemea zaidi ni nini sasa hivi? Umeshajaribu nini? Ungependa nifanye nini, na nisifanye nini? Baada ya kila swali hesabu hadi tano moyoni kabla ya kuongeza neno. Jibu la kweli mara nyingi ni la pili. Kisha rudisha: "Nimesikia hivi na hivi. Nimekosea wapi?" Usiseme "nimekosea?" maana utajibiwa "la" kwa adabu. Epuka "kwa nini" kwa mtu aliye kwenye dhiki, kwa sababu husikika kama mashtaka. Kwenye maumivu, omba neno lake: yanachoma, yanadunga, yanafinya, yanagonga? Na kama lugha yake ya kilio ni Dholuo, Kinandi au Luhya, mtafute anayeijua. Kiswahili cha hospitali mara nyingi ni nusu ya habari.

Kumjali

Huku ni kumtakia mtu nafuu na kusogea kuileta, bila lazima ya kuubeba uchungu wake kifuani. Wale wanafunzi wa Klimecki na Singer waliotaabika baada ya kufundishwa kuhisi walifundishwa baadaye kujali, wakaonyeshwa video za aina ileile. Hisia njema zikarudi, hisia mbaya zikashuka hadi pale zilipoanzia, na sehemu za ubongo zilizoamka zilikuwa nyingine, zinazohusiana na upendo na kuridhika. Mateso kwenye kioo hayakupungua hata kidogo.

Mwenye shida anapata mtu atakayekuwepo wiki ya tano. Huenda akakosa ule mwali wa kwanza, akamwona mtu huyu ametulia mno. Msibani hilo linaweza kuumiza.

Gharama ni vitu: saa, shilingi, nauli, mgongo. Heri yake ni kwamba gharama za namna hiyo zinahesabika.

Inakosea pale nia inapoachwa bila saa. Mwaka 1973 Darley na Batson waliwatuma wanafunzi wa theolojia wa Princeton kwenda jengo jingine kutoa hotuba, baadhi wakipangiwa kuzungumzia Msamaria Mwema, na njiani mtu amelala akikohoa na kugumia. Wasio na haraka walisaidia asilimia 63. Waliokuwa wamechelewa, asilimia 10. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana. Mchungaji mtarajiwa akiwa na haraka ni sawa na abiria anayekimbilia matatu ya mwisho ya Ahero. Inakosea pia pale kujali kunapogeuka kusimamia: unaamua unga, unaamua daktari, unaamua mgonjwa aoge saa ngapi, na siku moja anagoma kula. Ndipo unahitaji tena yale maswali matatu.

Kujenga: dakika kumi kila asubuhi, ukiwa umeketi. Mkumbuke mtu unayempenda na umtakie kimoyomoyo, "upate nafuu, uwe salama". Kisha wewe mwenyewe. Kisha mtu usiyemjua vyema, kama muuza samaki wa soko la Kibuye. Kisha yule anayekuudhi, na huyu asije wiki ya kwanza. Watu huacha kwa sababu walianza na adui, wakajiona wanafiki. Upande wa vitendo, kila ahadi iwe na siku na kiasi: badala ya "niko pamoja nawe", sema "Jumatano saa nne nitakaa naye hadi saa sita, wewe ulale."

Unapowajali wengi kwa pamoja, kujali kunahitaji kanuni. Rudi kwenye chama cha Free Area. Kila ombi liandikwe kwenye karatasi kwa mistari minne: kiasi, siku ya mwisho, kitakachotokea pesa zikikosekana, msaada mwingine uliopo. Jina lisiwepo, katibu ndiye asome. Katika watu 30 jina litajulikana tu, kwa hiyo kinga halisi ni mpangilio uliopitishwa Januari kabla mtu yeyote hajalia: uhai, matibabu, karo, kodi ya nyumba, sherehe mwisho kabisa. Halafu tengeni 2,000 za pole, zitolewe siku hiyohiyo bila kura. Kwa 18,000 zile: pole 2,000 kwa aliyelia, 12,000 Molo kabla ya Alhamisi, 4,000 zilizobaki kwenye bili ya mama. Bila fungu la pole kanuni hizi huvunjwa mwezi wa pili, maana watu hawawezi kumwona mwenzao akilia wakamsomea vifungu.

Kwa hali yako

Msiba umetokea leo, au rafiki amepiga simu akilia: hisi naye. Fika, shika mkono, ushauri uache hadi baada ya mazishi.

Unauguza mzazi au mtoto kwa miezi: jali, na umwulize upya kila wiki, kwa sababu jibu la Machi si la Juni. Kuhisi kutakuja bila kuitwa. Kukija kila siku hadi usiku, gawana zamu na ndugu kwa ratiba iliyoandikwa.

Unahudumia wengi kwa siku, iwe kliniki, darasani au nyumba kwa nyumba: elewa kwanza, kwa maswali matatu, kisha jali kwa kitendo kimoja chenye saa. Mgonjwa mmoja au wawili kwa siku watakugusa hata hivyo. Hilo si kosa la kazi.

Unagawa pesa au nafasi: kanuni kwanza, sura baadaye.

Unapatanisha majirani, wakwe, au watu wa makabila mawili: kuhisi ni hatari ikiwa ni kwa upande mmoja. Keti na kila upande muda uleule, uliza maswali yaleyale, andika majibu kwa maneno yao.

Mtu anakuomba pesa kwa haraka kwenye simu na maneno yake yanakugusa pale hasa: kata simu, angalia salio, mpigie mhusika kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani.

Na ikiwa umeshaanza kuigeuza simu kifudifudi, usijilazimishe kuhisi zaidi. Punguza nyumba unazotembelea kwa wiki mbili, mweleze msimamizi kwa tarakimu ("nilikuwa na ziara ishirini, naomba kumi"), na uanze zile dakika kumi za asubuhi. Usingizi ukikukimbia zaidi ya wiki mbili, au ukianza kuona heri usiwepo, wewe sasa ndiwe mwenye shida: nenda kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya kaunti, ukiwa na mtu wa kukusindikiza.